Mtawa Aliyehesabu Njegere

Wasomaji waliouzoea ukurasa huu wanajua kuwa ada yangu ni kuwasimulia habari za mashaha na masheikh wetu waliotangulia mbele ya haki. Leo nawaomba radhi nitoke nje ya mji. Nitakayemsimulia hakuwa Mswahili wala Mwislamu. Alikuwa mtawa wa Kikatoliki, mtoto wa mkulima wa Ulaya ya kati, akafariki mwaka 1884. Jina lake Gregor Mendel. Watoto wetu wa skuli wanalijua jina hilo kwa kuwa hulikariri mitihani inapokaribia. Lakini waulize kwa nini mtu wa ibada alikaa bustanini miaka minane akihesabu njegere, utaona wanatazamana.

Mimi nami sikuwa na jawabu. Elimu yangu ya kwanza ni ya chuoni, ubao na kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na mambo ya mimea hayakuwamo. Kilichonifikisha kwa Mendel ni msiba. Katika ukoo wetu alizaliwa mtoto ambaye hakupitiwa na mwezi bila ya kulia kwa maumivu ya mifupa. Macho yake yakigeuka manjano, mikono ikimvimba, usiku mzima mama yake amemkumbatia. Wazee walifanya waliyoyajua: kombe la zafarani, hirizi, mafuta ya kukanda. Wengine wakasema ni jicho la hasidi. Wengine tena, bila ya haya, wakamtupia lawama mama mtu kuwa ndiye aliyeingiza damu mbaya ukooni. Mtoto alikufa kabla ya kutimiza miaka minane, na mama yake akaishi na lile neno mpaka uzeeni. Miaka mingi ikapita ndipo nikafahamu kuwa yale ni maradhi ya selimundu, ambayo wengi wetu huyaita sikoseli, na kwamba kesi ya mama yule ilikuwa imekwisha amuliwa zamani, kabla babu zake hawajazaliwa, katika bustani ya nyumba ya watawa.

Basi na tuanze mwanzo. Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, sehemu za Silesia, wakati huo chini ya dola ya Austria. Leo ni nchi ya Ucheki, na kijiji huitwa Hynčice. Wazazi walimwita Johann. Baba yake alikuwa na shamba lake, lakini kwa sheria za siku hizo alilazimika kumfanyia kazi bwana mwenye ardhi siku tatu katika kila wiki, bila ujira. Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba huyo likamvunja, na tangu hapo nguvu za nyumba zikapungua. Kijana akawa anasoma kwa njaa, akijilipia kwa kuwafundisha wenziwe, na mara kwa mara akiugua na kurudi nyumbani kulala kitandani miezi.

Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Bibi huyu alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake apate kuendelea na masomo mjini Olomouc. Ni deni ambalo Mendel hakulisahau. Alipokuja kuwa na uwezo aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa dada huyo, na wawili wakatoka madaktari. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaoandika habari za wataalamu hupenda kuwaonyesha kama walioota wenyewe porini.

Mwaka 1843, akiwa hana njia nyingine, aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwenyewe aliandika baadaye, wala hakuficha, kuwa ni hali yake iliyomchagulia: alitaka kuondokana na dhiki ya kutafuta riziki kila uchao. Na kwa kuwa nimemtaja huyo Augustino, huenda baadhi ya wasomaji hawajui kuwa alikuwa mtu wa Afrika, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria.

Hapa yafaa tutulie kidogo, maana nyumba ile haikuwa kama tunavyodhania nyumba za watawa. Tangu mwaka 1802 amri ya mfalme wa Austria iliwalazimisha watawa wale kutoa walimu wa hesabu na wa elimu nyingine kwa skuli za mji. Ikawa pahala pa kusali na pahala pa kusomesha kwa pamoja, ina maktaba kubwa, bustani ya mimea, na ndani yake watu wa kila namna, mwanafalsafa huyu, mtungaji muziki yule. Mkuu wao, Abati Cyril Napp, alishika uongozi kutoka 1824 hadi 1867. Nchi ile ilikuwa ikiishi kwa sufi za kondoo, na wafugaji walikuwa wakikutana na kubishana: dume mwenye manyoya mazuri huwapaje watoto wake manyoya yale? Napp alikaa nao katika mabishano hayo, na ndiye aliyewaambia katika miaka ya 1830 kuwa waache kuzunguka. Swali lenyewe ni kitu gani kinachorithiwa na kinarithiwa kwa njia gani. Mendel alikuwa bado mtoto wa skuli. Swali lilikuwa limemtangulia nyumbani, likimngoja.

Si ajabu kwetu Waislamu, au haifai kuwa ajabu. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na muwakkit, mtu mwenye ujira wake, kazi yake kujua saa za sala kwa kulipima jua na nyota. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwakkit wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, na katika kazi hiyo alichora hesabu ya mwendo wa mwezi inayolingana na ile ya Copernicus wa Poland iliyokuja karibu miaka mia mbili nyuma yake. Hakuna aliyemwambia atoke nje ya msikiti ndipo atazame mbingu.

Turudi Brno. Mendel alipewa upadri mwaka 1847, lakini kazi ya kuwazuru wagonjwa ilimshinda. Alikuwa akiona mtu anateseka, naye anaanguka mgonjwa. Abati akaona ni heri amtoe huko ampeleke akafundishe. Huko alipendwa na wanafunzi, ila hakuwa na cheti. Na alipokwenda kufanya mtihani wa ualimu mwaka 1850, akaanguka. Abati hakumkasirikia, akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kwa gharama ya nyumba, kutoka 1851 hadi 1853. Huko alisomeshwa fizikia na Christian Doppler, na elimu ya mimea na Franz Unger. Alirudi na tabia moja ambayo watu wa mimea wa zama zile hawakuwa nayo: kila kitu alitaka kukihesabu. Mwaka 1856 akaujaribu mtihani wa ualimu mara ya pili, akaugua katikati, akauacha. Kwa hivyo mtu huyu, ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha baiolojia duniani, alifundisha miaka kumi na minne bila ya kupata cheti cha ualimu.

Mwaka huo huo wa 1856 akaanza kazi yake ya njegere, zile ambazo wenzetu wa bara huziita minji. Bustani yake ilikuwa kiasi cha mita 35 kwa mita 7 tu. Alikwisha kukusanya aina 34 kwa wauza mbegu, akazijaribu miaka miwili azione kama hazibadiliki, akachagua 22. Ua la njegere hujifunga lenyewe na kujipa mbegu lenyewe ndani. Mendel alilifungua likiwa bado changa, akaondoa sehemu za kiume kwa kikoleo, akapaka kwa burashi ndogo chavua, yaani ule unga wa kiume, kutoka ua la mmea mwingine, kisha akalivika kifuko ili mdudu asije akamharibia hesabu. Alifanya hivyo mara nyingi. Mpaka alipomaliza, mwaka 1863, alikuwa amepitia mimea ipatayo 28,000.

Wakati huo watu wa Ulaya, kama watu wetu, walidhani kuwa urithi ni kuchanganyika kwa damu; baba na mama huingiana kama chai na maziwa. Na maziwa ukishayatia katika chai huwezi kuyatoa tena. Mendel alichukua mmea wa mbegu za mviringo, laini, akauoza na wa mbegu zilizokunjamana. Watoto wote wakatoka laini. Kukunjamana kumepotea, hakuna hata alama. Akaiacha mimea ile ijizalie yenyewe. Kwa wajukuu akazihesabu mbegu moja moja: laini 5,474, zilizokunjamana 1,850. Kile kilichopotea kimerudi kizima, hakikupungukiwa na kitu. Akafanya vile vile kwa rangi ya mbegu: manjano 6,022, kijani 2,001. Ikawa ni tatu kwa moja kila upande anaogeukia.

Wengine wangeridhika hapo. Yeye alizichukua zile mbegu laini za wajukuu, ambazo kwa jicho ni sawasawa zote, akazipanda. Mimea 565 ikazaa. Katika hiyo, 193 ilitoa mbegu laini tupu, na 372 ikatoa laini na zilizokunjamana pamoja. Yaani katika kila tatu zinazofanana kwa nje, moja ni safi na mbili zimeficha kitu ndani. Ndipo akajua. Kila mmea unabeba viwili kwa kila sifa, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na unapozaa hutoa kimoja tu, kwa bahati, kama shilingi inavyorushwa. Wala haviingiani mfano wa chai na maziwa. Ni kama ushanga katika uzi, ambao waweza kuupanga utakavyo na kila chembe ikabaki na rangi yake.

Sasa nirudi kwa yule mama. Selimundu hurithiwa vivi hivi. Mtu mwenye kimoja kibovu na kimoja kizima hana maradhi. Tena yule huwa na kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana sifa hii imejaa pwani yetu, nchi ya mbu. Lakini mume na mke wote wakiwa wamebeba kimoja kibovu bila ya kujua, kila mimba ina fungu moja katika manne la kutoa mtoto mgonjwa. Moja katika nne. Ni ile ile 1,850 katika 7,324. Na hapana mtoto anayeweza kuugua kwa kupewa na mama peke yake. Lazima na baba atoe. Wale waliomnyooshea kidole mama yule ukumbini, nusu ya jambo ilitoka kwa ndugu yao wenyewe, na pengine na wao walikuwa nayo.

Mendel aliyasoma matokeo yake mbele ya chama cha elimu ya viumbe cha mji wa Brno, kwa jioni mbili, tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865. Mwaka 1866 yakachapishwa katika jarida la chama. Aliagiza nakala 40 za kuwapelekea wataalamu. Kukawa kimya. Aliyemjibu kwa uzito ni mtaalamu mmoja tu wa Munich, Carl Nägeli, na huyo alimtia shaka, akamshauri ajaribu mmea wa mwituni uitwao Hieracium. Mendel akatii, akajitesa nao miaka, akiyaumiza macho yake juu ya vijiua vidogo, na matokeo yakakataa kabisa kufuata hesabu yake. Masikini hakujua, wala Nägeli hakujua, kuwa mmea ule mara nyingi hutoa mbegu bila ya kuhitaji dume. Katika mimea yote ya Ulaya aliangukia huo.

Kisha nyumba iliyompa kila kitu ikaanza kudai. Napp alifariki, na Machi 1868 watawa wakamchagua Mendel kuwa Abati. Siku hiyo, kwa maoni yangu, ndipo mtaalamu alipozikwa, ijapokuwa mtu aliishi miaka kumi na sita zaidi. Mambo ya mashamba, majengo, wageni, kamati! Alifanywa hata mkurugenzi wa benki ya rehani, naam, benki yenye riba zake. Hakuacha kabisa mapenzi yake. Alifuga nyuki, akaandika hali ya hewa kila siku, na tarehe 13 Oktoba 1870 kimbunga kilipopita mjini na kumvunjia madirisha alikaa akakiandika kwa vipimo. Lakini njegere zilikwisha.

Mwaka 1874 serikali ilitoa sheria ya kuzitoza nyumba za watawa kodi mpya. Mendel akakataa kulipa, akisema sheria hiyo ni dhuluma. Nyumba nyingine zikalipa na kunyamaza, yeye hakunyamaza. Serikali ikashika mali ya nyumba, yeye akaandika barua. Ikamtumia wajumbe, akaandika barua nyingine. Miaka kumi. Akili ile iliyoweza kuona tatu kwa moja ndani ya gunia la mbegu ilimalizikia katika mashitaka ya kodi. Wapo wanaomsifu kwa msimamo wake. Mimi huwa nawaza zile barua zingelikuwa kurasa za bustani.

Alifariki tarehe 6 Januari 1884, maradhi ya figo yamemvimbisha miguu, umri miaka 61. Mtungaji muziki Leoš Janáček aliongoza muziki katika mazishi yake, na maskini wengi wa mji walimlilia, kwa kuwa mkono wake ulikuwa wazi. Baadaye karatasi zake, pamoja na daftari za hesabu zake, zikachomwa moto pale pale nyumbani. Nyumba moja, bustani moja: humo alipewa mkate, vitabu na muda wa kukosea, na humo kazi yake ikageuzwa majivu. Nimezijua nyumba zetu wenyewe za elimu ambamo makasha ya miswada yaliachwa kwa mchwa, kwa hivyo siwanyooshei wenzetu kidole.

Mwaka 1900 wataalamu watatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walifikia sheria zile zile, wakakuta katika jarida la Brno kuwa kuna aliyewatangulia kwa miaka 34. Kile alichokihesabu Mendel bila ya kukiona kikaja kuitwa jeni. Kimekaa wapi? Jawabu lilikuwa limeanza kutafutwa angali hai: mwaka 1869 Friedrich Miescher, mjini Tübingen, alitoa kitu cheupe kutoka chembe za usaha wa vidonda, naye hakujua kuwa ndicho. Leo tunakiita DNA. Umbo lake, uzi maradufu uliosokotwa, lilifahamika mwaka 1953. Na selimundu ikaonekana kuwa ni kosa la herufi moja tu katika uzi huo, kama mwanafunzi aliyekosa nukta moja ubaoni akageuza maana. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya maradhi hayo kwa kuirekebisha DNA ya mgonjwa. Bei yake bado haisemeki mbele ya mtu wa kawaida.

Jambo moja zaidi, maana lilinifurahisha kwa sababu zangu. Mama yangu alikuwa msusi wa ukili. Anasuka ukanda mrefu, kisha anauzungusha, anashona ukingo kwa ukingo kwa uzi mfupi mfupi, mpaka ukanda umekuwa mkeka. Mwaka 2006 Paul Rothemund, huko California, alichukua uzi mmoja wa DNA ya virusi, wenye herufi zipatazo 7,000, akatia vipande vifupi vya DNA zaidi ya 200 ambavyo kila kimoja kinajua pahala pake pa kushika. Uzi ukajikunja, ukaenda na kurudi, ukashonwa safu kwa safu, ukawa nyota, na sura ya mtu anayecheka, na ramani ya Amerika. Ukizipanga sura hizo elfu kumi kandokando ndipo zitimie milimita moja. Mwaka 2009 wenzake wa Aarhus, Denmark, wakakunja kisanduku chenye kifuniko kinachofunguliwa kwa ufunguo wa DNA, kwa tamaa kuwa siku moja dawa itatiwa humo na kufunguliwa penye ugonjwa peke yake. Mama angetazama akasema kazi ni ile ile, ila ukindu wao ni mwembamba.

Mwaka 2021, wakijiandaa kutimiza miaka mia mbili tangu kuzaliwa kwake, wataalamu wa Ucheki waliomba kulifungua kaburi la Mendel. Watawa wa Augustino wakakubali. Kaburi lile ni la pamoja, amelala na wenziwe, na mifupa haina majina. Ikabidi wapekue vitu vyake alivyoviacha, na ndani ya kitabu chake kimoja wakakuta unywele. DNA wakailinganisha na ya mifupa ndipo wakamtambua yupi ni yeye. Wakausoma urithi wake wote, na humo wakaona alama za maradhi ya moyo na ya figo, aliyoyapokea kwa wazazi wake kule Heinzendorf.